Mama Yangu, Mkwe Wake na Nyumba ya Mawe

Mama yangu alikuwa hamtazami mume wangu. Si kwa ubaya. Walipendana sana, tena mno, ila walipendana kupitia kwangu, kila mmoja akiniuliza hali ya mwenzake kana kwamba huyo mwingine yuko ng'ambo. Kwetu Embu, na kwao Meru pia, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mkono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye majani ya chai ampishe mwenzake. Na kulala chini ya paa moja, hilo halisemwi hata kwa mzaha. Mkwe akiona asichopaswa kuona, kama vile kitanda cha mama mkwe wake au magoti yake, wazee huitwa na mbuzi hutolewa. Watu wa rika langu walikuwa wameanza kuyaacha hayo, wakisema ni mambo ya kale na sisi ni watu wa kanisa. Mama naye alikuwa wa kanisa, tena wa benchi ya mbele, lakini kwa hilo hakutaka mjadala.

Mimi nina mdomo, sikatai. Nilikuwa nikimwambia, "Mama, huyu ndiye anayekuletea dawa za ng'ombe. Si umsalimie tu mwenyewe?"

"Namsalimia," angesema. "Mpelekee salamu."

Basi ningefanya nini? Nilipeleka salamu.

Sasa, Mama alikuwa na hamu moja iliyomkaa rohoni. Baba, kabla hawajaoana, alifanya kazi bandarini Mombasa, akarudi kijijini kwetu Kianjokoma na hadithi kwamba huko maji huondoka yenyewe, yakaacha ardhi wazi, kisha yakarudi yenyewe, na kesho tena hivyo hivyo. Mama alimwambia kwamba yeye si mjinga. Maji yakienda yameenda. Walibishana juu ya hilo maisha yao yote, wakicheka, na Baba akafariki kabla hajamshawishi. Baada ya mazishi Mama akaanza kusema kwamba lazima aende kuyaona hayo maji, aingize miguu yake ndani, ajue kama alilala na mwongo. Alilisema hili hata mbele ya pasta, na pasta akajifanya anakohoa. Lakini mimi nilijua si mzaha. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, kuteremka mtoni ilikuwa kazi, na aliniambia wazi kwamba akiukosa mwaka ule basi amekosa.

Tulikuwa tukiishi Meru mjini, nyumba ya kupanga, karibu na mtaa wa Majengo. Mimi nilifundisha shule ya msingi, mume wangu aliuza dawa za mifugo. Kule Majengo tulikuwa na bucha yetu tuliyoizoea, na mke wa mwenye bucha alikuwa rafiki yangu. Shangazi yake alikuwa na nyumba ya kale kando ya bahari, katika mji mdogo kaskazini mwa Mombasa, akiipangisha wageni wa likizo.

"Si hoteli, mwalimu," akaniambia. "Ni nyumba ya watu, ya mawe, ya tangu enzi. Mpeleke mamako akapumzike."

Mume wangu alifurahi kuliko mimi. Ni yeye aliyeshikilia kwamba Mama aende, Desemba ileile, shule zikifungwa. Nikamuuliza, "Na heshima zenu mtazipeleka wapi?" Akasema, "Si nyumba ni kubwa? Kila mtu atakaa upande wake." Tukaona tumemaliza. Hakuna aliyeuliza ni kubwa kivipi. Kwetu nyumba kubwa ni ile yenye vyumba vingi, na chumba ni mlango unaofungwa. Hatukujua kuna nyumba nyingine duniani.

Safarini Mama alikaa kiti cha mbele kabisa, mume wangu cha nyuma kabisa, nami katikati nikipitisha ndizi.

Tulifika alasiri, tumechoka, nguo zimetushika mwilini kwa joto. Mwenye nyumba, bibi mwembamba aliyejifunga leso mbili, alitupokea barazani. "Karibuni, wanangu. Karibuni nyumbani." Nyumba yenyewe ilinifunga mdomo, na si rahisi kunifunga mdomo. Mlango wake ulikuwa wa mbao nzito, umechorwa maua na minyororo, mweusi kwa uzee. Mbele yake palikuwa na kibaraza chenye paa, wao wanakiita daka, na viti vya mawe pande zote mbili. Ndani palikuwa baridi kama kwetu Julai. Kuta zilikuwa nene hata ungeweza kulala dirishani, na ukuta wa ndani kabisa ulijaa vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, kila kimoja na bakuli lake au kikombe chake. Mama alibaki dakani akivua viatu. Mume wangu, kwa sababu ya joto na uchovu, akaonyeshwa bafu akaenda moja kwa moja kuoga.

Ndipo nilipotazama vizuri. Nyumba ile haikuwa na milango ndani. Ilikuwa na kumbi tatu ndefu zinazofuatana, moja nyuma ya nyingine, na kati yao mapazia mepesi ya kitambaa. Hata bafu, penye birika la mawe la kuchotea maji, lilikuwa na pazia. Nikasema moyoni, haya sasa, tumekwisha.

Nilikuwa bado nimesimama hapo nikifikiri nitasema nini, Mama akaingia. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Upepo ukavuta pazia. Na pale kwenye msumari, karibu na birika, palikuwa pananing'inia suruali ya mume wangu, na nyuma ya ukuta maji yanasikika yakimwagwa, na yeye anaimba wimbo wa kanisa.

"Woi!" Mama alisema, akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa, akageuka, akatoka mbio. Mtu wa magoti mabovu, eti. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha jiwe, mfuko wake mapajani, amevaa viatu.

"Basi la kurudi linaondoka saa ngapi?" akaniuliza.

"Mama, jamani."

"Nimeona suruali."

"Suruali si mtu!"

"Nimeona suruali, na mwenyewe hayumo ndani yake. Unataka nione nini tena? Nitalala hapa hapa nje, na asubuhi nirudi kwangu. Mwambie nimemshukuru kwa kunileta. Usimwambie nimeona."

Bahari ilikuwa nyuma tu ya ile nyumba, tunaisikia. Alikuwa hajaiona hata rangi. Nilikasirika, nusura nilie. Nilikasirikia ile mila, nikamkasirikia mume wangu na nyimbo zake, nikajikasirikia mwenyewe. Nikamwambia Mama maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi: kwamba amevuka nchi nzima ili ashindwe na suruali. Aliukumbatia mfuko wake tu.

Yule bibi mwenye nyumba alitukuta hivyo. Hakujua Kiembu hata neno, lakini aliona mtu mzima amekaa na viatu na mfuko. Akanivuta kando. "Kuna nini, mwanangu? Nyumba haikumpendeza?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa aibu, nikitarajia acheke, maana nilidhani watu wa pwani ni watu wa kisasa kuliko sisi. Hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akitikisa kichwa, halafu akapiga makofi mara moja.

"Sasa kwa nini hamkusema mapema? Wallahi, nyumba hii ilijengwa na watu wenye haya zao! Unadhani mume wa binti wa humu alikuwa akipita pita ndani? Njoo."

Akanipeleka kwenye pembe ya daka, akasukuma kimlango ambacho nilikidhani ni cha kabati. Nyuma yake palikuwa na ngazi nyembamba ya mawe, inapanda gizani. Juu palikuwa na chumba kimoja kikubwa, cheupe, chenye kitanda na bafu lake na dirisha linalotazama bahari. Aliniambia chumba hicho kinaitwa sabule. Ni cha mgeni wa kiume. Anaingia na kutoka bila kukanyaga nyumba, hamwoni mtu wala haonwi, na mwenye nyumba analala na amani yake.

"Na paa je?" nikauliza, maana nilimjua mamangu.

"Paa lake ni lake. Liko juu ya letu, halikushikana nalo. Mwambie mama aje alitazame."

Mama alisimama barabarani, akaukinga uso kwa mkono, akalitazama lile paa kwa muda mrefu kama mtu anayenunua ng'ombe. Akataka kujua kama ngazi inapita ndani. Haipiti. Akataka kujua kama dirisha la juu linaona uani. Halioni. Ndipo akavua viatu.

"Watu hawa wana adabu," akasema. "Wewe ulikuwa unanificha watu wazuri namna hii?"

Mimi tena! Haya.

Tukaishi hivyo, na nasema kweli, sijawahi kupumzika vizuri kama siku zile. Mume wangu alikaa juu na redio yake, nikimpandishia chakula. Kabla ya kushuka alikohoa, kikohozi kikubwa cha uongo, na Mama akiwa dakani aliingia ndani. Chini, Mama na mwenye nyumba walikuwa wamepatana bila lugha. Mama alikuja na njahi, maharagwe yetu meusi, na nduma, yaani magimbi, kutoka shambani, mwenye nyumba akazipika kwa nazi, Mama akaonja, akakunja uso, akaongeza sahani. Samaki alimkataa. Alisema hawezi kula kitu kinachomtazama. Mchana walikaa kwenye ukumbi wa ndani, miguu imenyooshwa juu ya sakafu ya baridi, mmoja akieleza jambo refu kwa Kiembu, mwingine akijibu kwa Kiswahili cha pwani, na wote wawili wakicheka mahali palepale. Mimi mkalimani nikawa sina kazi.

Lakini bahari ilibaki. Mama alikwenda mpaka kwenye ngazi za nyuma, zile zinazoshuka mchangani, akakaa. Siku ya kwanza maji yalikuwa yamejaa, yanapiga ngazi ya mwisho. Akayatazama, akasema ni mengi. Nikamwambia, "Ingia basi." Akanionyesha dirisha la juu kwa kidevu. Kuingia majini ni kuinua rinda, na kuinua rinda ni kuonyesha magoti. Dirisha halikuona uani, ni kweli, lakini ufuo wote liliuona.

Nikapanda kumwambia mume wangu afunge dirisha. Akalifunga siku hiyo nzima, maskini, na joto lile. Mama bado hakuingia. Alisema maji yakiwa yamejaa hivyo hayamwonyeshi lolote, hata mto wetu Ruguti hujaa mvua ikinyesha. Alitaka kuyaona yakiondoka. Na kila tulipoteremka yalikuwa yamejaa, au yanarudi, kwa sababu asubuhi yanapotoka Mama alikuwa bado anasali, na sala zake si fupi.

Ilibaki siku moja tuondoke ndipo nilipomwamsha mapema, nikamwambia Mungu atamngoja. Tukafungua mlango wa nyuma.

Bahari haikuwepo.

Mchanga ulikuwa umelala wazi, unang'aa, na vijito vidogo, na majani ya kijani yaliyolala ubavu, mpaka mbali kabisa ambako mstari mweupe wa mawimbi ulionekana umeshonwa ukingoni. Mama alishika mkono wangu. Kisha akacheka, kicheko kilichoanzia tumboni, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Mume wangu," akasema, "mume wangu, nisamehe."

Akainua rinda akashuka ngazi. Hakuangalia hata dirisha. Tulitembea polepole, akikanyaga kwa nguvu kila hatua, anaujaribu ule mchanga kama utamtoroka. Tukafika kwenye fungu la mchanga lililoinuka, mbali na nyumba, mawimbi madogo yanalamba upande wake wa mbele. Pale akaingiza miguu. Maji ya bahari yakamfika vifundoni. Akaniambia niende nikamwite mwenye nyumba aje amwone, maana rafiki yake lazima ashuhudie. Nikamwambia, mwenye nyumba alisema maji yakianza kurudi tusikawie.

"Nitayaona yakija," akasema. "Si nayatazama?"

Akakaa chini, uso kwa bahari, nami nikaenda.

Ndipo lilipo kosa letu, na ni la watu wa milimani tu. Kwetu mafuriko hutoka juu. Unayasikia kabla hujayaona, yanavunja matawi, yanagongesha mawe, na ukitazama upande yanakotoka huwezi kupatwa. Kwa hivyo Mama alitazama mbele, kule kwenye mawimbi, naye hakudanganyika: mbele yake maji yalisogea kidogo tu. Ila bahari haikupitia mbele. Ilizunguka nyuma yake. Kati ya fungu na ufuo palikuwa na bonde ambalo tulilivuka likiwa kavu, na maji yakaingia humo kimya kimya kutoka pembeni.

Mwenye nyumba hakuwepo, alikuwa amekwenda kwa jirani. Niliporudi peke yangu, lile bonde lilikuwa mto.

"Mama!" nikapiga kelele. "Geuka!"

Akageuka. Nikaona mabega yake yakishuka. Akasimama, akapiga hatua moja ndani, maji yakamfika magotini, akarudi. Mimi siwezi kuogelea. Kianjokoma mto ni baridi na mawe, huogelei, unachota unaondoka. Niliingia mpaka kiunoni, mkondo ukanivuta miguu, nikarudi nikilia. Nikapiga mayowe kwa jina la mume wangu.

Alikuwa ameshaona kutoka juu. Alishuka bila kukohoa, bila viatu, amevaa fulana, mkononi ameshika leso aliyoivuta kwenye kamba ya dakani. Yeye ni mtu wa Ruiri, kule Meru, na Ruiri hakuna maji ya kumfundisha mtu kuogelea. Lakini ni mrefu. Alikimbia mpaka ukingoni, akaingia, na mara akasimama ghafula. Nilidhani ameogopa maji.

"Mwambie asije!" Mama alipiga kelele kwa Kiembu, kwangu mimi, na mume wangu yuko hapo anamsikia. "Mwambie nimeinua rinda!"

"Mwambie nimesikia," mume wangu akaniambia.

Kisha akageuka. Nilidhani anarudi. Aliupa mgongo ule upande wa Mama, akanitazama mimi, na akaanza kuingia baharini kinyumenyume.

"Wewe niongoze," akasema.

"Umerukwa na akili? Geuka umshike!"

"Niongoze, bana. Usipoteze muda."

Nikamwongoza. Naapa, sijui kama nilikuwa nalia au nacheka. "Kushoto! Kushoto kwako! Nyuma, nyuma tu, kuna shimo, pita kulia!" Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani. Akayumba, akapoteza leso, akaikamata tena. Hakugeuza shingo hata mara moja. Nyuma yake Mama alikuwa amesimama kwenye kipande cha mchanga kisichotosha hata kuanikia kahawa, akitazama ule mgongo unavyomjia.

Alipofika karibu, akarusha ncha ya leso nyuma, juu ya bega lake. "Mwambie ajifunge mkononi," akasema.

"Nimefunga," Mama akasema, na safari hii hakuniambia mimi.

Wakaanza kurudi. Yeye mbele, anatembea polepole, anapapasa chini kwa mguu kabla ya kukanyaga. Mama nyuma, mfupi, kidevu amekiinua, maji shingoni, anaomba kwa sauti. Katikati ya mkondo aliteleza. Nikamwona akizama mpaka kichwa. Leso ikakaza kama kamba ya ng'ombe, na mume wangu akasimama imara, akainama mbele, akaivuta mkono juu ya mkono, bado ananitazama mimi, uso umemkunjamana. Mama akainuka, akatema maji, akakohoa, akasimama. Akasubiriwa. Wakaendelea.

Nilimpokea Mama mchangani tukaanguka wote wawili. Alikuwa anatetemeka, rinda limemganda, kitambaa cha kichwa kimekwenda na maji. Mume wangu alifungua ncha yake ya leso akaiachilia, akaendelea kutembea kuelekea nyumbani, moja kwa moja, maji yanamtiririka. Alikuwa anakwenda kwenye ngazi yake.

Mama alimfuata kwa macho. Alikuwa anahema kwa nguvu.

"Mwambie ageuke," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nini?"

"Mwambie ageuke, nimwone."

Nikamwita. Akasimama, mgongo bado uko kwetu, akangoja kidogo. Ndipo akageuka, macho chini. Mama alimtazama. Mara ya mwisho kumtazama usoni ilikuwa siku alipokuja na wazee wao kuniomba, akiwa kijana mwenye suti ya kuazima. Alimtazama kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuona haya mimi.

"Kumbe umeota mvi," akasema.

"Ndiyo, Mama," akajibu. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita hivyo.